Sekunde Moja, Matunda Kumi: Namna Lebo Inavyofika Kwenye Ganda

Kati ya mashine zote zilizomo katika kituo cha kufungashia matunda, hakuna inayodharauliwa kama ile ya kubandika lebo. Mgeni akitembezwa humo huonyeshwa mabwawa ya kuoshea, handaki la kukaushia nta, kamera zinazolipiga kila tunda picha kutoka pande zote, na vyumba vya baridi. Akifika kwenye lebo anaambiwa, "Na hapa zinabandikwa stika," kisha msafara unasonga. Mimi hupenda kubaki nyuma. Pale ndipo tunda lisilo na jina linapopata jina, na kazi hiyo inafanyika kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, juu ya kitu cha mviringo, kilicho hai, kinachopata michubuko ukikigusa vibaya, na ambacho hakina pacha.

Tuanze na hiyo kasi, maana ndiyo inayoeleza mengi ya yanayofuata. Mashine ya kupanga matunda kwa ukubwa huyabeba katika vikombe vidogo, kila tunda na kikombe chake, vikifuatana kama shanga kwenye uzi. Njia moja ya mashine ya kisasa hupitisha matunda kumi hivi kwa sekunde, na zipo zinazozidi hapo. Piga hesabu: matunda 10 kwa sekunde ni 36,000 kwa saa, na mashine yenye njia sita itadai lebo 216,000 kwa saa ikiwa kila kikombe kina tunda. Sasa chukulia kwamba vikombe vimepishana kwa sentimita 10. Hapo tunda linapita chini ya kichwa cha kubandikia kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, na kuchelewa milisekunde 5 tu kunaisogeza lebo milimita 5. Lebo yenyewe ina upana wa sentimita mbili hivi. Chelewa milisekunde 20 na lebo imehama upana wake wote. Tunda likiwa dogo, imeangukia kwenye kikombe.

Ndiyo maana kichwa cha kubandikia hakifuati saa yake chenyewe. Kwenye ekseli inayovuta mnyororo wa vikombe hufungwa enkoda, kifaa kinachohesabu mzunguko wa ekseli vipande kwa vipande, na kichwa hufuata hesabu hiyo. Mnyororo ukipunguza mwendo, nacho kinapunguza. Ukisimama kwa sababu mtu ameona tunda limekwama, kinasimama papo hapo, na ukianza tena kinaendelea pale pale kilipoachia.

Sasa njoo karibu zaidi, kwenye kile kinacholigusa tunda. Mvukuto wa mhunzi tunaujua: ukiufungua unavuta hewa, ukiubana unaipuliza. Uchukue mvukuto huo, uupunguze mpaka ulingane na kidole gumba, uufinyange kwa mpira laini au silikoni, uupe mikunjo kama ya kodiani, kisha utoboe matundu madogo kwenye ncha yake. Huo ndio moyo wa mashine nyingi za kazi hii. Mivukuto kadhaa hupangwa kuzunguka gurudumu, ncha zake zikitazama nje. Gurudumu linapozunguka, kila mvukuto unapita kwanza mahali lebo inapotokea. Hapo ndani yake mnakuwa na ombwe: hewa inanyonywa, mikunjo inasinyaa, na lebo inashikwa kwenye ncha upande wake wa mbele, gundi ikitazama nje. Gurudumu linaendelea. Mvukuto unapofika juu ya tunda, vali inageuza mambo: ombwe linakatika, hewa ya kompresa inaingia, mikunjo inafunguka, ncha inachomoka na kulikandamiza tunda kwa mguso mfupi mno. Lebo inabaki kwenye ganda, mvukuto unasinyaa na kwenda kuchukua nyingine.

Kwangu hili ndilo wazo zuri kuliko yote katika fani hii, na uzuri wake uko hapa: mvukuto hauhitaji kujua urefu wa tunda. Likija kubwa, unakutana nalo mapema. Likija dogo, unajinyoosha zaidi mpaka ulifikie. Pistoni ya chuma ingelazimika kupimiwa kila tunda kabla haijashuka, na kipimo kikikosewa kwa milimita chache, ama isingefika ama ingelichubua. Mpira uliojaa hewa kidogo unasamehe. Ncha yake laini pia inajikunja kufuata umbo la ganda, hivyo katikati ya lebo inagusa kwanza, kisha kingo zinafuata.

Lakini lebo inatoka wapi? Inakuja katika rola ndefu, imekaa juu ya utepe uliopakwa kitu kinachoizuia gundi isishike sana. Katika mashine nyingi utepe huo hupitishwa kwenye ukingo mkali na kukunjwa ghafla kurudi nyuma. Utepe unakata kona. Lebo, kwa kuwa ina ukakamavu kidogo, inashindwa kuikata na kujichomoza mbele, pale pale ncha ya mvukuto inapopita. Zipo mashine ambazo utepe wake huchanwa katikati na kila nusu kuvutwa upande wake, lebo ikabaki huru. Njia zote mbili zinaidai lebo jambo moja gumu: iwe kakamavu vya kutosha kuachana na utepe, halafu robo sekunde baadaye iwe nyororo vya kutosha kulikumbatia tunda.

Huko kukumbatia si kazi ndogo. Karatasi bapa haiwezi kulifunika tufe bila kujikunja mahali fulani. Jaribu kufunga mpira kwa karatasi utaona. Lebo ya mviringo yenye upana wa sentimita 2, ikiwekwa kwenye tunda lenye kipenyo cha sentimita 7, lazima kingo zake zishuke milimita moja na nusu chini ya katikati yake. Iweke lebo hiyo hiyo kwenye tunda la sentimita 4 na kingo zinatakiwa kushuka karibu milimita 2.7. Filamu inataka kurudi kuwa bapa, gundi inaizuia, na mvutano huo unaendelea mpaka mlaji alinunue tunda. Ndiyo sababu lebo za matunda huwa za mviringo au za yai. Pembe ya mraba ndiyo ya kwanza kunyanyuka, na pembe iliyonyanyuka inakamatwa na tunda la jirani na kubanduliwa.

Halafu kuna ganda lenyewe. Pichi lina manyoya, na gundi inaposhika manyoya haijashika tunda. Kiwi vivyo hivyo, ndiyo maana hupitishwa kwanza kwenye brashi. Chungwa hupakwa nta baada ya kuoshwa, na nta isiyokauka vizuri ni kama mafuta chini ya gundi. Adui mkubwa, hata hivyo, ni umande. Tunda lililotoka chumba cha baridi na kuingia ukumbi wenye joto linatokwa na jasho ndani ya dakika chache, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Lebo ikibandikwa juu ya tone la maji imebandikwa juu ya maji. Inashikilia kwa muda, maji yanakauka, na lebo inadondoka kwenye sanduku. Watu wengi hapo hulalamikia gundi na kuagiza nyingine yenye nguvu zaidi, wakati tatizo liko hatua tatu nyuma, kwenye kikaushio au kwenye mlango wa chumba cha baridi ulioachwa wazi. Na gundi yenye nguvu zaidi ina gharama yake: mlaji anapobandua lebo ya pichi anaondoka na ganda. Tena si gundi yoyote inayoruhusiwa kukaa juu ya chakula. Umoja wa Ulaya unayo kanuni yake ya vitu vinavyogusa chakula, namba 1935/2004, na Marekani inataja katika sheria zake viambato vinavyokubalika katika gundi za aina hii.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba lebo ni ya aina moja. Sivyo, na hapa mashine inaacha kuwa mkono tu na kuwa sehemu ya kumbukumbu ya kituo kizima. Lebo nyingi hubeba msimbo wa PLU, zile tarakimu nne ambazo keshia huzichapa asipokuwa na cha kuskani. Ulianza kutumika mwaka 1990, na leo unasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Viwango vya Mazao, IFPS. Ndizi ya manjano ya kawaida ni 4011. Parachichi la Hass dogo ni 4046, kubwa ni 4225, kubwa zaidi ni 4770. Tazama hayo maparachichi matatu: ni aina ile ile, huenda yametoka mti ule ule, ila ukubwa umeyapa namba tofauti. Kwa hiyo mashine haiwezi kubandika kabla ukubwa haujajulikana.

Jibu lake ni mpangilio. Kila kikombe kinapopita kwenye mizani na kamera, kompyuta inaandika: kikombe namba fulani, gramu kadhaa, daraja hili. Kati ya mizani na milango ambako matunda huangushwa hupangwa vichwa viwili, vitatu au zaidi vya kubandikia juu ya njia moja, kila kimoja na rola yake. Kikombe kinapokaribia, kompyuta inakiambia kichwa cha kwanza "pita," cha pili "hili ni lako," na cha tatu "pita." Kikombe kitupu kinaachwa. Tunda lililokataliwa, linalokwenda kwenye juisi, nalo linaachwa, maana lebo juu yake ni hasara na ni uchafu kwenye kinu. Kwa maneno mengine, lebo unayoiona ni uamuzi uliofanywa mita chache nyuma, ukabebwa kwa uaminifu mpaka kwenye ncha ya mpira.

Hapa niseme jambo kuhusu ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp, kwamba namba inayoanza na 4 maana yake tunda limepuliziwa dawa, na ya 3 limepigwa mionzi. Ni uongo. Tarakimu hizo nne zinatoka kwenye fungu la 3000 hadi 4999 na zinatambulisha aina, na mara nyingine ukubwa. Hazisemi lolote kuhusu dawa wala nchi. Kinachobeba maana ya ziada ni tarakimu ya tano inapotangulia: 9 mbele, kama 94011, ni zao la kilimo hai. Tarakimu 8 iliwahi kutengwa kwa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, lakini haikupata kutumika madukani. Inanisikitisha kuona watu wakikataa tunda zuri kwa sababu ya namba waliyofafanuliwa vibaya.

PLU ina upungufu mmoja wa kweli: haimtaji aliyefungasha. Parachichi lenye 4225 laweza kuwa limetoka kokote. Pengo hilo lilizibwa na msimbopau mdogo uitwao DataBar, wa GS1, shirika la kimataifa la viwango vya misimbopau,, uliobuniwa kwa vitu visivyo na nafasi. Ndani ya mistari yake hukaa namba ya bidhaa ya tarakimu 14, ambayo inamtambulisha mwenye chapa pamoja na bidhaa yake. Keshia anaskani badala ya kuchapa, na kosa la kuuza zao ghali kwa bei ya la kawaida linapungua. Lakini ona kilichotokea kwa fundi wa mashine: zamani alitakiwa kuhakikisha lebo imeshika. Sasa anatakiwa kuhakikisha imelala bila mkunjo hata mmoja, kwa sababu skana haisomi mistari iliyopinda juu ya kunyanzi. Na bado namba ya shehena, ile inayotaja siku ya mavuno na shamba, kwa kawaida haiko kwenye tunda. Iko kwenye lebo ya sanduku, inayochapwa na mashine nyingine kabisa. Tunda likishatolewa sandukuni na kumwagwa kwenye rafu, uzi umekatika. Watengenezaji wanalishughulikia kwa kuchapa taarifa kwenye lebo muda mfupi kabla haijabandikwa, na GS1 imeweka lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 kaunta za maduka ziweze kusoma misimbo ya miraba, kama ile ya QR, inayobeba taarifa nyingi zaidi kuliko mistari.

Ndizi ziko pembeni ya hadithi hii yote. Ndizo zilizoizoesha dunia stika ya tunda; Chiquita ilianza kubandika ya kwake ya buluu mwaka 1963, kwa mkono. Na hadi leo sehemu kubwa ya ndizi hubandikwa na mtu, kwa sababu ndizi haiji peke yake katika kikombe. Mkungu hukatwa chana, chana hugawanywa vichana vya ndizi chache, na kila kichana kina mpindo wake. Mfungashaji mwenye uzoefu ananyoosha kidole na lebo imekaa. Baadhi ya vituo vidogo vinavyofungasha matunda mengine hufanya vivyo hivyo kwa bastola ya mkono ya kubandikia lebo, na sioni aibu katika hilo. Kati ya bastola na gurudumu la mivukuto kuna mashine zinazobandika tunda likiwa tayari limekaa kwenye trei yake. Kamera inatafuta kila tunda lilipo, vichwa vinashuka, na lebo zote zinatazama juu. Ni za polepole kuliko zile za vikombe, lakini kwa embe au pichi zinazouzwa kwa trei, mpangilio huo unavutia macho, na tunda haliguswi tena baadaye.

Mashine ikianza kukosea, soma makosa yake kabla ya kushika bisibisi, kwa kuwa yana lugha. Tuseme gurudumu lina mivukuto sita. Ukiona tunda la sita halina lebo, la kumi na mbili halina, la kumi na nane halina, basi mvukuto mmoja umetoboka na hauwezi kunyonya. Uinue hadi kwenye mwanga, uuvute, na utaona ufa mwembamba kwenye bonde la mkunjo; badilisha huo mmoja, endelea na kazi. Lebo zikiwa zote zimehamia upande ule ule, ni muda, na marekebisho yako kwenye skrini. Zikikosekana bila mpangilio wowote, tazama tunda: lina maji, lina nta isiyokauka, au ni dogo kuliko lile ambalo urefu wa kichwa ulipangiwa. Zikionekana ndani ya vikombe, kompyuta na mnyororo havikubaliani kuhusu kikombe kipi ni kipi. Na kama mivukuto yote inalegea pamoja, nenda kwenye kompresa. Hewa yenye mvuke au chembe za mafuta hunata kwenye vali na kuingia mpaka kwenye ncha za mpira, na nimeona ikilaumiwa mara chache sana kuliko inavyostahili.

Mzigo mkubwa unaoisubiri fani hii ni plastiki. Lebo nyingi ni filamu nyembamba ya plastiki, na mtu anapotupa ganda kwenye mboji hukumbuka mara chache kuibandua kwanza. Ufaransa ilipiga marufuku, tangu tarehe 1 Januari 2022, lebo zinazobandikwa moja kwa moja kwenye matunda na mboga isipokuwa zile zinazooza kwenye mboji ya nyumbani. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya vifungashio namba 2025/40, unataka kuanzia tarehe 12 Februari 2028 lebo hizo ziwe zinaoza katika mitambo ya mboji. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote, ila wanaosherehekea wajue kwamba filamu inayooza ina tabia nyingine chini ya mashine. Inavutika tofauti, inasikia unyevu, na ukakamavu ule unaohitajika pale kwenye ukingo mkali unabadilika. Kituo kinachobadilisha rola bila kupanga upya mashine kitaona lebo zikiruka na kudhani kimeuziwa mali mbovu.

Wengine wanaikimbia lebo kabisa na kuandika kwa leza. Mwale wa leza ya kaboni dioksidi unaondoa tabaka jembamba la rangi kwenye ganda, na namba inabaki pale, haibanduki. Marekani iliiruhusu mwaka 2012 kwa matunda jamii ya machungwa, kwa sharti kwamba tunda lioshwe na kupakwa nta kabla, na alama ipakwe nta tena mara moja. Sharti hilo la pili linaeleza udhaifu wa njia yenyewe: palipochongwa, ganda limefunguliwa, na maji ya tunda yanapata njia ya kutokea. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliruhusu oksidi za chuma zitumike kuitia alama rangi kwenye machungwa, matikiti na makomamanga, kwa sababu alama tupu juu ya ganda la namna hiyo haionekani vizuri. Leza inafaa ganda nene. Kwa tunda linaloliwa na ganda lake, au lenye ganda jembamba kama plamu, sijashawishika.

Kwa anayekusudia kununua mashine, au anayetaka kujua kama aliyonayo inafanya kazi, kipimo cha muuzaji kinachofanyika mbele ya mashine hakitoshi. Chukua matunda mia kutoka mwisho wa njia, hesabu yenye lebo, andika. Kisha yafungashe kama kawaida, yalaze usiku kucha kwenye chumba cha baridi, yatoe asubuhi, yaache yatokwe na jasho na kukauka, halafu yahesabu tena. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo lebo zilizobaki chini ya sanduku.